Hereni ya ng'ombe: mnunuzi aangalie antena

WACHUUZI wa mifugo wanaoingia minada ya wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, wamezoea kumtambua ng'ombe kwa rangi, pembe na chapa ya moto. Siku hizi kuna alama nyingine sikioni: hereni ya kielektroniki. Mwenye mtaji mdogo afadhali ajue inavyofanya kazi, kwani namba isiyosomeka humrudisha kwenye maneno matupu ya muuzaji, na ng'ombe wa wizi hununuliwa hivyo hivyo.

Sheria ya utambuzi wa mifugo ni Namba 12 ya mwaka 2010. Hata hivyo, hereni hizi zilivuma mwaka 2022, zikiuzwa Sh. 1,750 kwa ng'ombe na Sh. 1,000 kwa mbuzi au kondoo, wafugaji wakalalamika. Juni 16, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mjini Bariadi kampeni ya taifa ya chanjo na utambuzi, mfugaji akichangia Sh. 500 kwa chanjo ya ng'ombe.

Hereni haina betri. Ndani mna chipu na koili ya waya wa shaba, ambayo ndiyo antena. Kifaa cha kusomea hurusha mawimbi ya kilohezi 134.2, koili hupata umeme kidogo, na chipu hujibu kwa namba ya tarakimu 15. Wimbi hilo lina urefu wa zaidi ya kilomita 2. Antena ndefu kiasi hicho isingebebwa hata na tembo.

Dawa ya udogo huo ni feraiti, oksidi ya chuma iliyochomwa kama kigae, kazi ya Yogoro Kato na Takeshi Takei wa Tokyo mwaka 1930. Ni kile kijiti cheusi kilichozungushiwa waya ndani ya redio ya masafa ya kati. Kapsuli za kioo zinazochomwa chini ya ngozi ya mnyama nazo hutumia kijiti cha namna hiyo. Ubaya wake, huvunjika kikianguka.

Kwa hiyo viwanda husaga feraiti na kuchanganya unga wake na mpira au plastiki, ikapatikana karatasi inayopindika. Nguvu yake ya sumaku hupungua sana, lakini ikikaa kati ya antena na chuma, huzuia chuma kumeza mawimbi. Simu za kulipia kwa kugusa zina karatasi kama hiyo, antena isisumbuliwe na betri.

Minadani, adui ni mabomba ya chuma ya njia wanamopitishwa ng'ombe. Kifaa cha mkononi husoma kwa karibu tu, na chuma hupunguza zaidi. Anayetaka kununua kifaa akijaribu penye mabomba, si juu ya meza ya dukani, na ahakikishe kinasoma aina zote mbili, FDX-B na HDX, kwa viwango vya ISO 11784 na 11785. Namba iliyochapwa juu ya hereni nayo aiandike kwenye daftari kabla ya kutoa fedha.