Nakala Nne Zikikubaliana, Usiamini Upesi

Kati ya 1393 na 1894, ufalme wa Joseon nchini Korea uliwachuja maofisa wake wa kiraia kwa mtihani ulioitwa munkwa. Mtihani wa kawaida ulifanyika kila miaka mitatu na kupitisha watu 33; ukijumlisha na mitihani ya pekee, waliofaulu wanazidi 14,000. Majina yao yalikusanywa katika orodha kubwa ziitwazo Gukjo bangmok: jina la mtu, mwaka wa kuzaliwa, ukoo, baba, babu, baba mkwe, na mara nyingi cheo alichofikia. Zimetufikia kwa miswada kadhaa, nayo haikubaliani.

Mgeni wa kazi ya kulinganisha miswada hukimbilia kuhesabu: nakala nne zasema hivi, moja yasema vile, basi nne zimeshinda. Hapo ndipo anapopotea. Kama zote nne zilinakiliwa kutoka daftari moja, huyo ni shahidi mmoja aliyesema mara nne. Na undugu wa nakala hufichuliwa na makosa, si na usahihi. Wanakili wasiojuana wanaweza wote kuandika sawasawa. Kwamba wote wamruke mtu yuleyule, kisha wampe jirani yake baba asiye wake, hilo ni gumu kutokea kwa bahati.

Miaka ina mtego wake, na dawa yake pia. Iliandikwa kwa mzunguko wa miaka 60, kila mwaka ukibeba herufi mbili: moja kati ya 10, nyingine kati ya 12. Michanganyiko yote ni 120, lakini nusu yake haimo kabisa kwenye kalenda, kwa hiyo mnakili akiteleza huweza kuzaa mwaka usiokuwepo na kunaswa papo hapo. Kosa likipata sura halali, hubaki kupima umri: mtahiniwa anaonekana kafaulu akiwa na miaka sita, au 66.

Kuna tofauti ambazo si uzembe hata kidogo. Mwaka 1519 mwanamageuzi Jo Gwang-jo alisukuma ufanyike mtihani wa watu waliopendekezwa, wakapita 28. Mwaka haujaisha, kundi lake likaangushwa na matokeo yakafutwa. Yalikuja kuthibitishwa tena 1568, chini ya Mfalme Seonjo. Mwandishi wa katikati ya miaka hiyo alikuwa na sababu ya kuwaacha hao 28. Wa baadaye alikuwa na sababu ya kuwaingiza. Ndiyo maana karatasi ya karne ya 19 isiyo na majina hayo yaweza kubeba maandishi yenye chimbuko la zamani zaidi, na umri wa wino pekee hautoshi.

Edward Wagner wa Harvard na mwenzake Mkorea, Song June-ho, walitumia miongo kadhaa kuwapanga waliofaulu munkwa. Anayeendeleza kazi ya namna hiyo kwenye kompyuta hukutana na kisanduku cha "baba" kinachopokea jina moja tu. Mimi ningekipanua: majina yote yanayogongana yaingie, kila moja na mswada lilikotoka, na uamuzi wa mhariri uandikwe kando.