Ukuaji wa mishipa ya limfu katika samaki pundamilia

Ukuaji wa mishipa ya limfu katika samaki pundamilia ni mfuatano wa hatua zinazoongozwa na jeni, ambapo baadhi ya seli za vena hujitenga na kuunda mfumo wa limfu. Samaki pundamilia (Danio rerio) ni samaki mdogo wa maji baridi mwenye asili ya Asia ya Kusini. Mayai yake hukua nje ya mwili wa mama na kiinitete chake ni angavu, hivyo mishipa yake hutazamwa kwa darubini inapochipuka, bila kumpasua.

Mishipa ya limfu hukusanya majimaji yaliyovuja kutoka mishipa ya damu na kuyarudisha katika damu. Kwa muda mrefu haikuwa wazi kama samaki huyu anayo. Mwaka 2006 makundi mawili ya watafiti, moja la Marekani na jingine la Uholanzi, yalionyesha kwamba anayo.

Takriban siku moja na nusu baada ya yai kutungishwa, seli huchipuka kutoka vena kuu ya nyuma. Baadhi huwa sehemu ya mishipa ya damu. Nyingine huhamia katikati ya misuli ya ubavu, hutua hapo kwa muda, kisha husafiri zikifuata ateri ndogo. Kufikia siku ya tano hivi huwa zimeunda mshipa mkuu wa limfu, kati ya aota na vena hiyo.

Kinachoziita seli hizo ni protini Vegfc. Hujishikiza kwenye kipokezi Flt4 kilicho juu ya seli za vena, nazo huanza kuchipuka. Ishara hiyo huamsha pia jeni prox1, inayozifanya kuwa seli za limfu. Lakini Vegfc hutoka ikiwa haijawa tayari: lazima kwanza ikatwe na kimeng'enya cha kundi la Adamts kikisaidiwa na protini Ccbe1. Umuhimu wa jeni ccbe1 ulijulikana mwaka 2009 kupitia samaki waliovimba kwa majimaji. Damu yao ilizunguka, ila mshipa mkuu wa limfu haukuwepo.

Mwaka huohuo hitilafu za jeni hiyo zilipatikana kwa baadhi ya watu wenye sindromu ya Hennekam, ambao huvimba tangu utotoni. Hitilafu za FLT4 nazo husababisha ugonjwa wa Milroy, unaovimbisha miguu. Magonjwa haya si matende, ingawa uvimbe hufanana: matende huletwa na minyoo inayoenezwa na mbu, ambayo huharibu mishipa ya limfu iliyokwisha kuumbika.