Ijumaa Nne: Moyo wa Mtoto na Sindano Yake

Ukimuuliza mtu mjini Isiolo moyo huugua vipi, atakutajia presha. Hakosei. Presha ya 140 kwa 90 kwenda juu, ikiachwa kwa miaka, huunenepesha msuli wa moyo mpaka ukachoka. Na miraa inayoteremshwa kila siku kutoka Nyambene haimfai kabisa mwenye presha, maana huipandisha zaidi na kuukimbiza moyo. Lakini presha ina wasemaji wengi. Mimi leo nina neno juu ya ugonjwa mwingine wa moyo, unaowashika watoto na vijana, na ambao huanzia kooni.

Baba mmoja alimleta binti yake wa miaka 14 kutoka upande wa Merti. Mtoto alikuwa hawezi tena kufuata mbuzi. Usiku alilala ameketi, mgongo ameuegemeza kwenye gunia la unga, kwa sababu akijilaza tu pumzi inakatika. Miguu ilikuwa imevimba; nilibonyeza kwa kidole juu ya kifundo, nikaondoa kidole, shimo likabaki. Kifuani, badala ya mapigo mawili yaliyoachana vizuri, nilisikia katikati yake mvumo mrefu, kama upepo unaopenya mwanya wa turubai.

Mvumo huo ni damu inayorudi ilikotoka. Moyo una vyumba vinne na milango minne, ambayo wataalamu huiita vali. Kila mlango huruhusu damu kwenda upande mmoja tu, nao hufunguka na kufunga kama mara 100,000 kwa siku. Unaoumia zaidi ni ule wa kushoto, kati ya chumba cha juu na cha chini. Usipofunga sawasawa, damu hurudi nyuma na kujazana mapafuni. Ukikakamaa usifunguke vizuri, damu hukwama palepale, na mgonjwa anakosa pumzi vilevile.

Nikamuuliza baba kama mtoto aliwahi kuumwa viungo. Akafikiri. Ndiyo, wakati wa ukame, goti lilivimba likawa la moto, likapona. Kisha kifundo, kisha kiwiko. Wakamkanda kwa samli. Na koo je, kabla ya hapo? Hilo hakulikumbuka, na sikumlaumu. Nani huweka kumbukumbu ya mafindofindo?

Huo ndio ujanja wa homa ya baridi yabisi, ambayo si yale maumivu ya magoti ya wazee tunayoyaita kwa jina hilohilo. Mtoto, mara nyingi wa kati ya miaka 5 na 15, huambukizwa koo na vijidudu vya streptokoko. Koo linapoa lenyewe. Wiki mbili au tatu baadaye, kinga ya mwili iliyokuwa ikipigana na vijidudu inaanza kuvishambulia viungo vya mwenyewe, pamoja na milango ya moyo. Magoti hupona pasipo kovu, ila moyo hubaki nalo. Kila koo jipya linaweza kurudisha homa, na kila homa huongeza kovu juu ya kovu. Mahali watoto wanapolala wengi chumba kimoja, iwe manyatta au bweni la shule, vijidudu hivi havipati taabu ya kusafiri. Na koo likitibiwa kwa penisilini ndani ya siku tisa tangu lianze, homa hiyo kwa kawaida haiji.

Kwa binti yule tulikuwa tumechelewa hatua hiyo. Tulianza na furosemidi, ile watu wanayoiita dawa ya maji, inayotoa maji ya ziada kwa mkojo. Katika wiki moja alilala chali. Picha ya moyo ikaonyesha mlango unavuja kwa kiasi, na msuli bado una nguvu. Hapo baba akataka ruhusa. Kwake mtoto alikuwa amepona, na kwa macho alikuwa amepona kweli.

Nawasihi wasomaji wapaelewe hapa. Dawa ya maji hairekebishi mlango. Huupunguzia moyo mzigo tu. Kinachozuia mlango usiharibike zaidi ni sindano ya penisilini ya benzathini, kila wiki tatu au nne, kwa miaka isiyopungua 10, na kwa aliyekwisha kuumia moyo mara nyingi hadi umri wa miaka 40. Ni dawa nzito kama maziwa, huingia polepole, na inauma. Simdanganyi mtoto yeyote. Kwa wale ambao moyo umeshadhoofika sana, madaktari siku hizi huchagua vidonge vya kila siku badala yake. Nguvu ya sindano hiyo ilipimwa kwa jirani zetu wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, kwa watoto ambao ugonjwa wao ulikuwa bado haujajionyesha. Katika miaka miwili, ugonjwa uliendelea kwa watoto 33 kati ya 400 wasiopewa sindano. Kati ya 399 waliopewa, walikuwa watatu.

Mlango ukiharibika kabisa, hapo ni upasuaji, ambao nchini hufanywa katika hospitali chache, kama Tenwek kule Bomet na Mater jijini Nairobi. Mlango wa chuma hudumu, lakini humfunga mtu na wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yake yote, pamoja na kupimwa damu mara kwa mara. Mboga za majani huipunguza nguvu. Simkatazi mtu sukuma wiki. Namwambia ale kiasi kilekile kila wiki. Sasa mwambie hivyo mfugaji anayeishi kwa maziwa wakati wa mvua na kwa mboga za sokoni wakati wa kiangazi! Na kwa msichana kuna jambo zito zaidi: wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mlango wa tishu hauhitaji wafarini ya kudumu, ila kwa kijana huchakaa mapema, naye atarudi kupasuliwa.

Ndiyo maana nilimkazania baba yule tarehe. “Mzee wangu, siku 28.”

“Daktari, huko malishoni mimi sina kalenda. Nina mwezi.”

Nikamweleza kwamba mwezi wa kuandama una siku 29 au 30, utamchelewesha. Akanyamaza kidogo. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na adhana ilikuwa karibu.

“Ijumaa nne?”

Nikahesabu. Ni siku 28 kamili. Akavuta nyuzi za pindo la kikoi chake, akafunga mafundo manne, akamwonyesha binti yake. Nikamwomba jambo moja tu: Ijumaa ya nne wafike dispensari asubuhi, kabla muuguzi hajaenda kuswali.