Lifti ya Gari: Tani Mbili Juu ya Bolti Kumi

Je, wajua kwamba kulipandisha gari la tani 2 hadi mita 1.8 kutoka sakafuni hakumalizi hata sehemu tatu za mia za uniti moja ya umeme? Mota ya kilowati 2.2 inanguruma kwa sekunde 45 hivi, na gari liko juu. Safari ya kushuka haili umeme: valvu ikifunguliwa, uzito wa gari lenyewe huyasukuma mafuta ya haidroliki yarudi kwenye tangi lake, taratibu.

Kazi yote imo katika mafuta hayo. Katika karne ya 17, Mfaransa Blaise Pascal alionyesha kwamba kimiminika kilichofungiwa kikisukumwa mahali pamoja, msukumo huenea pote kwa kiwango kilekile. Pampu inayozungushwa na mota ikitoa msukumo wa kilo 100 kwa kila sentimita ya mraba, pistoni yenye eneo la sentimita za mraba 40 hunyanyua tani 4. Gharama yake ni mwendo: pampu huzunguka mara nyingi mno ili pistoni isogee kidogo tu. Mwingereza Joseph Bramah alipata hataza ya mashine ya kukandamiza kwa kanuni hiyo mwaka 1795. Mwaka 1925, mjini Memphis, Marekani, Peter Lunati alianzisha kampuni ya Rotary Lift na kuanza kuuza lifti za magari. Husimuliwa kwamba wazo alilipata kwa kutazama kiti cha kinyozi.

Lifti inayopendwa sana na wanaotengeneza magari nyumbani ni ya nguzo mbili. Kila nguzo ina mikono miwili inayoingia chini ya gari, na magurudumu yote manne huning'inia, kwa hiyo breki, shokabu na giaboksi vyote viko wazi mbele ya macho. Ya nguzo nne ni tofauti: gari husimama kwa matairi yake juu ya reli mbili. Hiyo ni nzuri kwa kuegesha magari mawili penye nafasi ya moja na kwa kumwaga oili, lakini ukitaka kufungua gurudumu unahitaji jeki nyingine juu yake. Ipo pia ya mkasi, fupi, inayofaa penye dari la chini.

Wengi huanza kwa kuuliza bei na tani. Mimi naona waanze na sakafu. Fikiria nguzo moja iliyobeba nusu ya gari la tani 2, yaani tani 1, na mzigo huo uko sentimita 80 mbele ya bamba la chuma lililo chini ya nguzo, lililofungwa sakafuni kwa bolti. Mzigo unataka kuiinamisha nguzo upande wa gari. Kinachoizuia ni bolti za nyuma, zilizo sentimita 40 tu kutoka ukingo wa mbele wa bamba. Piga hesabu: bolti hizo zinavutwa juu kwa nguvu ya karibu tani 2, na zimeshikwa na zege peke yake. Vigae, lami, matofali ya kupanga na plasta ya saruji juu ya kifusi haviwezi kazi hiyo hata kwa dakika moja.

Watengenezaji wengi hutaka zege la unene wa sentimita 10 au zaidi kidogo, la nguvu ambayo mafundi ujenzi wetu huiita daraja la 25, na lililokomaa kwa siku 28. Nyumba nyingi sakafu yake haikumwagwa kwa hesabu hiyo. Usiamini maneno ya aliyeijenga. Toboa tundu moja dogo pale nguzo itakaposimama, ingiza waya uliokunjwa ncha, pima unene. Ikiwa ni nyembamba, kata sakafu, chimba, funga nondo, mwaga zege jipya la sentimita 20 au 30, limwagilie maji, kisha subiri. Kuweka kiraka kidogo chini ya kila bamba si dawa, kwa sababu bolti iliyo karibu na ukingo wa zege hulipasua.

Utoboaji nao una adabu yake. Tundu liwe wima, la kipimo kilekile cha bolti, na vumbi lote litolewe kwa brashi na upepo kabla bolti haijagongwa ndani. Vumbi likibaki, pete ya chuma ya bolti inayopaswa kutanuka na kung'ata zege itang'ata unga. Nati ikazwe kwa spana ya kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha lifti. Bolti inayozunguka bila kukaza inakwambia kwamba zege halifai. Kuikaza zaidi hakusaidii.

Baada ya sakafu, tazama juu. Toyota Noah ina kimo cha karibu mita 1.85, kwa hiyo ukiipandisha mita 1.8 unahitaji zaidi ya mita 3.6 chini ya boriti. Kwa mazingira yetu, banda la bati uani mara nyingi hufaa kuliko chumba cha gari chenye dari, mradi mota na swichi visipigwe na mvua.

Umeme nao una maswali. Lifti nyingi zilizotoka kwenye gereji kubwa ni za fezi tatu, na nyumba nyingi zina fezi moja. Mota iliyoundwa kwa umeme wa Marekani wa hezi 60 huzunguka polepole na kupata joto zaidi kwenye hezi 50 zetu.

Ukatikaji wa umeme huwatisha watu kuliko inavyostahili. Lifti inapopanda utasikia tak, tak, tak: ni loki za chuma zinazoangukia meno yake ndani ya nguzo. Ukifika kimo unachotaka, shusha kidogo mpaka gari likae juu ya loki. Kuanzia hapo si mafuta yanayolibeba, ni chuma, na mpira wa mafuta ukipasuka gari halisogei. Ila kulitoa kwenye loki lazima kwanza uliinue kidogo, na hilo linahitaji mota. Umeme ukikatika, gari litakaa juu mpaka urudi.

Hatari iliyobaki ni mizani. Kwa kawaida gari lina uzito mwingi mbele, kwenye injini. Ukiliweka sawa kwenye mikono, kisha ukashusha injini, uzito unahamia nyuma, na gari lililokuwa limetulia linaweza kuinamia upande wa buti. Kabla ya kufungua kitu kizito, simamisha stendi ndefu chini ya upande utakaolemewa.

Siku ya kwanza, weka mipira ya mikono pale chesisi ilipo imara, si penye kutu, inua gari mpaka matairi yaachane na sakafu kwa kiganja kimoja, kisha lisukume kwa mkono mbele na nyuma. Likitikisika, shusha upange upya. Likitulia, lipandishe na kulishusha mara chache bila mtu kuingia chini, halafu rudi na spana kwenye bolti zote kumi za nguzo hizo mbili.