Ushuru na Hesabu Yake: Halmashauri za Shinyanga na Geita

Makusudi ya makala hii ni kueleza jinsi ushuru unavyotozwa na halmashauri za wilaya katika mikoa ya Shinyanga na Geita, na kwa njia gani mlipaji aweza kuidai halmashauri yake hesabu ya fedha zile. Wako wanaodhani kuwa jambo hili ni la wahasibu na wanasheria peke yao. Lakini katika nchi hii ya ng'ombe, pamba na dhahabu, swali la nani atoe, atoe kiasi gani, na kilichotolewa kimekwenda wapi, limepata kuwatoa maelfu ya watu majumbani mwao.

Yafaa kwanza tuangalie maneno yenyewe. Ushuru ni neno lililotoka katika Kiarabu, na asili yake ni fungu la kumi. Mrabaha nao, ambao ni malipo yatolewayo na mwenye mgodi kwa ajili ya madini aliyoyachimba, umetoka katika neno la faida. Siku hizi husemwa sana uwajibikaji, nalo ni neno zuri, ila lina kasoro moja: mtu aweza kulitamka mkutanoni mchana kutwa bila kuonyesha hata karatasi moja. Wazee walisema kutoa hesabu. Msemo huu wataka kitu kishikike, yaani kiasi kilichoingia, kiasi kilichotoka, na kilichobaki. Ndio nitakaoutumia humu.

Katika Usukuma wa kale mtemi alipokea nafaka na kazi ya mikono kutoka kwa raia zake, lakini hakuwa peke yake. Walikuwapo banamhala, yaani wazee, na basumba batale waliowaongoza vijana katika kazi za pamoja. Tena lilikuwapo zuio jingine lililokuwa na nguvu kuliko maneno yote: ardhi ilikuwa nyingi na watu wachache, hivyo mtu aliyeonewa alifunga mizigo akahamia kwa mtemi mwingine. Mtemi aliyekimbiwa na watu alipungukiwa wakulima, na nguvu zake zikapungua nao.

Utawala wa Waingereza uliliondoa zuio hilo. Tangu sheria ya kodi ya nyumba na kichwa ya mwaka 1922, kodi ilimfuata mtu popote alipo, na mtemi akawa mkono wa Serikali katika kuikusanya. Baada ya vita kuu ya pili ukaja Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, ulioanza mwaka 1947, ukiwa na amri nyingi: kulima matuta, kupanda muhogo, kupunguza mifugo; na baadaye kodi ya ng'ombe ikaongezwa juu yake. Amri nyingine zilikuwa na maana nzuri kwa udongo. Lakini aliyetozwa faini hakuulizwa, wala hakuwa na mahali pa kuuliza, kwa kuwa chama cha TANU kilipigwa marufuku katika Usukuma tangu mwaka 1954 hata mwaka 1958. Serikali ilipotaka kuweka Geita baraza la wilaya la watu wa rangi mchanganyiko, ambalo wananchi hawakuliomba, walikataa. Katika mwaka 1958 maelfu wakaenda Mwanza kupeleka malalamiko yao, safari isiyokuwa rahisi miaka hiyo, kabla ya daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025. Mpango wa mabaraza ya namna ile haukudumu.

Baada ya uhuru, utemi uliondolewa mwaka 1963, halmashauri zikachukua nafasi yake. Mwaka 1969 zilifutiwa kodi yao ya kichwa na ushuru wao wa mazao, na mwaka 1972 halmashauri za wilaya zikafutwa zenyewe. Nadhani mpango ule wa 1969 na 1972 ni somo kubwa kuliko inavyosemwa: baraza lililonyang'anywa mapato yake lilikuwa limekwisha kufa miaka mitatu kabla ya kuzikwa. Ziliporudishwa kwa sheria za mwaka 1982, zilipewa sheria yao ya fedha, Sheria Namba 9, na humo ndimo tunamopata ushuru unaotozwa hata leo.

Sasa tutazame dhahabu. Sheria hiyo huipa halmashauri ushuru wa huduma usiozidi asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni. Mgodi wa Geita ulipofunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001, mikataba yao na Serikali Kuu iliweka badala ya asilimia hiyo kiasi kimoja kisichobadilika, dola za Marekani 200,000 kwa mwaka. Hebu tupige hesabu kwa mfano. Mgodi uuzao wakia 500,000 kwa mwaka, kwa bei ya dola 1,200 kila wakia, hupata dola milioni 600. Asilimia 0.3 ya hizo ni dola milioni 1.8, yaani mara tisa ya zile 200,000. Tena bei ya dhahabu ilipopanda, sehemu ya halmashauri haikupanda hata senti. Halmashauri hazikuwapo mikataba ilipoandikwa, nazo ndizo zilizobaki na barabara zilizochimbika kwa magari mazito na shule zilizojaa watoto wa waliokuja kutafuta kazi. Ilichukua zaidi ya miaka kumi ya madiwani kudai na wabunge kuuliza, hata katikati ya miaka ya 2010 malipo ya asilimia 0.3 yakakubaliwa.

Msomaji atasema: mbona kampuni hulipa pia mrabaha? Ndivyo, na mwaka 2017 mrabaha wa dhahabu ulipandishwa kutoka asilimia 4 hadi 6, pamoja na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Lakini fedha hizo huenda Hazina, wala si Geita au Msalala. Mwanakijiji wa kando ya mgodi husikia mabilioni katika redio, akadhani diwani wake ameyatia mfukoni, kumbe hayakupita kwake kabisa. Si haki kumdai mtu hesabu ya fedha asizozipokea. Na diwani asiyeeleza tofauti hii mkutanoni hujitafutia lawama isiyo yake.

Linganisha na pamba ya Kishapu. Ushuru wa mazao ya biashara ulikuwa hadi asilimia 5 ya bei, ukapunguzwa kuwa asilimia 3 mwaka 2017. Kwa sheria mlipaji ni mnunuzi, si mkulima. Lakini mnunuzi hajui kulipa kitu bila kukitoa mahali: ikiwa kilo ni shilingi 1,000, shilingi 30 za ushuru huwa zimekwisha kufikiriwa katika bei aliyoitangaza. Basi mwenye shamba la ekari mbili hubeba kiasi kilicho mara kumi ya kile cha mgodi, tukitazama kinachoingia halmashauri tu. Hapo ndipo penye swali la haki, wala halijibiwi kwa kusema kwamba mgodi hulipa zaidi kwa jumla. Mlipaji mdogo hapimi jumla. Hupima kilichotoka katika gunia lake.

Wachimbaji wadogo nao walikuwa na kilio chao. Mpaka mwaka 2019 mauzo yao yalidaiwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Wengi wakaona afadhali kuuza gizani. Kodi hizo zikaondolewa mwaka ule, na mwezi Machi soko la madini likafunguliwa Geita, la kwanza nchini. Aliyeuza kwa kujificha akaanza kuuza mezani, na halmashauri ikapata ushuru wake palepale. Kodi nafuu yenye kulipwa imeshinda kodi kali yenye kukwepwa.

Tuje sasa kwenye kudai hesabu. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa watu wazima wote wa kijiji, na hupaswa kukutana kila miezi mitatu. Mbele yake halmashauri ya kijiji husoma mapato na matumizi. Anayehudhuria ana haki ya kuuliza, na swali lenye nguvu kuliko yote ni fupi: stakabadhi iko wapi? Shilingi iliyotolewa gulioni bila stakabadhi haiwezi kufuatwa na mkaguzi yeyote, kwa kuwa katika vitabu haikuzaliwa. Mashine za kielektroniki zililetwa kwa sababu hiyo, lakini ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeonyesha mara nyingi fedha zilizokusanywa kwa mashine na zisifikishwe benki. Watumishi huita kutumia fedha mbichi. Ripoti hizo hufika kwa Rais mwishoni mwa Machi kila mwaka, kisha Bungeni, ambako Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa huwaita wakurugenzi wajieleze. Nazo ni wazi kwa kila mtu. Tena Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 humruhusu raia kuomba karatasi za ofisi kwa maandishi.

Mlango uliosahauliwa zaidi ni mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho mabaya, ikaanzishwa tena mwaka 2024. Kama orodha ya vikundi ingalibandikwa ubaoni tangu mwanzo, kila kata ingalitambua kikundi kisichokuwako, maana huko watu hujuana kwa majina na kwa mashamba.

Na kuna jambo la muda. Mgodi wa Buzwagi ulioanza mwaka 2009 karibu na mji wa Kahama ulimaliza uchimbaji wake mwaka 2021, na ushuru wake ukakoma. Kahama ina bahati ya kuwa mji wa biashara ya mpunga na njia kuu, hata eneo la mgodi limepangiwa kuwa la viwanda. Msalala na Nyang'hwale, zinazogawana ushuru wa Bulyanhulu kwa kuwa mgodi uko mpakani mwao, hazina mji kama huo. Kila mwaka zinapopitisha bajeti, madiwani wao hugawa fedha za jiwe lisiloota tena: wapo watakaozitia katika posho na magari, na wapo watakaozitia katika visima na madarasa. Rasimu ya bajeti hujadiliwa katika vikao vya kata kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai, na vikao hivyo, katika kata nyingi, huhudhuriwa na watu wachache kuliko mnada wa ng'ombe wa siku ileile.