"Tuxedo" Ni Vazi Gani?

Kijana mmoja aliyemaliza masomo hapa aliniletea kadi ya karamu. Chini yake paliandikwa kwa Kiingereza "Black Tie", naye akataka kujua kama suti yake ya kijivu na tai nyeusi vitatosha. Nilimwambia havitoshi. Maneno hayo hayasemi habari za tai tu, bali yataja vazi zima, ambalo Wamarekani huliita "tuxedo". Nadhani wengi wenu mtaletewa kadi ya namna hiyo siku moja, basi nawaelezeni.

Ni koti la jioni, jeusi au la buluu iliyokolea sana, lisilo na mikia nyuma. Kola yake imefunikwa hariri, na suruali ina utepe wa hariri ubavuni toka kiunoni hata chini. Shati ni jeupe, na tai ni ile ya kipepeo, nyeusi. Kwa desturi halivaliwi mchana. Kadi ikisema "White Tie" ni jambo jingine: hapo hutakiwa koti lenye mikia na tai nyeupe, nalo ni vazi la heshima kubwa zaidi.

Tuxedo ni mahali katika jimbo la New York, na jina hilo lilitoka katika lugha ya wenyeji wa Amerika waliokuwako kabla ya Wazungu. Mwaka 1886 tajiri wa tumbaku, Pierre Lorillard, alifungua klabu pale. Wanachama wakapenda koti fupi lililovaliwa Uingereza na mwana wa Malkia Victoria, yule aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa Saba, na watu wakaliita kwa jina la mahali. Waingereza wenyewe husema "dinner jacket", yaani koti la chakula cha jioni.

Wafaransa ndio wanichekeshao. Wao huliita "smoking", neno la Kiingereza lenye maana ya kuvuta tumbaku, ila Mwingereza akilisikia hafikirii koti kabisa! Basi ukialikwa Bujumbura au Kinshasa kwa Kifaransa, ukaliona neno hilo kwenye kadi, usidhani ni habari za sigara.

Vazi hili ni ghali, na wengi hulikodi kwa usiku mmoja. Lakini soma kadi mpaka mwisho, kwani nyingine, hasa za mabalozi, huongeza kwamba vazi la taifa laruhusiwa. Hapo mimi sioni sababu ya kukodi koti la watu: Mganda atavaa kanzu na koti juu yake, na mtu wa pwani kanzu, koti na kofia iliyodariziwa.