Gango, Jasi na Muhogo: Maneno na Vifaa vya Kuunga Mifupa katika Uwanda wa Kati

Neno gango katika Kiswahili lina maana ya kitu kinachoshikiza vipande viwili visiachane: ubao uliofungwa juu ya mlingoti uliopasuka, au kijiti kilichofungwa kando ya mfupa uliovunjika. Latokana na kitenzi ganga, yaani kufunga na kutengeneza, na vile vile kutibu. Mzizi huo umeenea katika lugha nyingi za Kibantu. Wagogo wa Dodoma nao humwita tabibu wa jadi muganga.

Katika hospitali, kazi ya gango mara nyingi hufanywa na bandeji ya jasi. Jasi ni jiwe laini lichimbwalo katika uwanda huo huo wa kati, huko Itigi mkoani Singida, kando ya Reli ya Kati, na hutumiwa sana katika kutengeneza saruji. Likichomwa kwa kiasi cha digrii 150 za sentigredi, hupoteza robo tatu ya maji yaliyomo ndani yake, likawa unga. Unga huo ukitiwa maji huyapokea tena, hutoa joto, kisha hukauka ukawa mgumu. Mwaka 1852 Antonius Mathijsen, daktari wa jeshi la Uholanzi, alieleza namna ya kuupaka katika bandeji za pamba.

Watu wa Tanzania waliipa bandeji hiyo jina lao wenyewe. Mguu mweupe uliokakamaa waliufananisha na muhogo, basi husemwa, "Amefungwa muhogo," au "hogo." Jina hilo laeleza sura, lakini hatari hailielezi. Jasi haitanuki, na nyama iliyoumia huvimba. Damu ikizuiwa, kiungo chaweza kufa. Mgonjwa asiyeelezwa huvumilia maumivu akidhani ndiyo dawa. Yampasa aambiwe kwamba maumivu yakizidi, au vidole vikifa ganzi, vikapoa au kugeuka rangi, arudi hospitali saa ile ile, asingoje kuche. Na palipo na jeraha chini ya jasi, hukatwa dirisha ili kidonda kisafishwe.

Hapo neno la kale lafaa kufundishia. Gango hushikiza tu. Mwili wenyewe ndio uungao mfupa. Na kilichofungwa kwa ajili ya kuponya, kikianza kudhuru, hakina budi kufunguliwa.